Naomba ushauri: kusoma majibu ya rigresheni kwenye Excel

Habari zenu wakuu. Nina data za wanafunzi 24: saa za kujisomea kwa wiki, siku za utoro na alama za mtihani. Rigresheni ya mstari (hesabu ya kukadiria alama kutokana na saa za kujisomea na utoro) nimeshaiendesha, nimekwama kwenye kutafsiri.

R mraba (sehemu ya tofauti za alama inayoelezwa na hesabu hii) ni 0.62, iliyorekebishwa kwa idadi ya vigeu, yaani saa na utoro, ni 0.58. Kwenye ripoti niandike ipi? Thamani ya P (uwezekano wa kupata matokeo kama haya kwa bahati tu) ya jaribio la F, linalopima hesabu nzima kwa pamoja, ilitoka 3.87E-05, mwanzoni niliisoma kama tatu na ushee, kumbe ni 0.0000387.

Kinachoninyima usingizi ni utoro. Kizigeu chake (badiliko la alama kwa kila siku moja ya utoro) ni -1.1 lakini thamani ya P ni 0.21. Mwenzangu anasema niuondoe. Nasita, maana wanaojisomea sana ndio hao hao wasiotoroka, na nahofia vigeu hivi vinafunikana. Nikiuweka utoro peke yake, P inashuka hadi 0.01! Nipimeje kufunikana huko ndani ya lahajedwali?

Halafu kianzio cha mstari (alama inayokadiriwa saa na utoro vikiwa sifuri) ni -8. Alama hasi haipo, ila hakuna mwanafunzi aliyejisomea chini ya saa 6. Nikiache bila kukitafsiri, au nakosea?