Makala (makaa ya kupikia) ya Kahuzi-Biega: tukataze gunia zisiingie Bukavu ao tufanye nini?

Mwenye mada:
Wandugu wa Bukavu, tujadili hii bila matusi. Kuko watu wanasema wafunge njia zote, gunia la makala lisiingie tena mjini ju parke ya Kahuzi-Biega inaisha. Mimi nakataa, na ntaeleza.

Ule msitu naupenda sana. Ni hektari kama 600,000, urithi wa dunia wa UNESCO toka 1980, na toka 1997 uko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Gorila wa Grauer hawako pengine popote duniani isipokua huku mashariki ya Kongo, wakiisha wameisha. Lakini mama wa huku mjini, wa Kadutu ao Panzi, apikie nini? Kurenti inakuja saa watu wamelala halafu inakatika, na mabaraji ya umeme ya Ruzizi iko pale pale maji yanapotokea ziwa Kivu! Ukikataza gunia, mbabula (jiko la makala) haizimike, bei ndio inapanda, na mwenye bunduki anaetoza wachomaji kule msituni anakula zaidi ju biashara imekua ya kujificha. Sheria ya misitu ya 2002 inasema msitu ni mali ya Leta, ndio serikali. Sawa, basi mwenye mali aanzie kwa hao wenye bunduki, asianzie kwa mama anaeuza makala kwa ndoo.

Wa Kalehe:
Nyie mnaongea bei, sisi tulizika watu. Mwezi wa tano 2023 mvua ilinyesha, mito ikabeba vijiji vyetu, Bushushu na Nyamukubi, wakafa zaidi ya 400. Najua mvua ilikua kali, lakini ile milima imekatwa miti, udongo ungeshikwa na nini? Kila mara maskini hana kosa, na kila mara mti unaanguka. Wafunge.

Wa Kabare:
Kufunga tulishaona. Batwa, wenyeji wa ule msitu, walifukuzwa mule miaka ya 70 bila kupewa hata shamba. 2018 wengine wakarudi kwa nguvu, watu wakafa, Batwa na walinzi wa parke, na katika ile fujo wafanyabiashara wa makala na mbao wakapenya, miti ikakatwa kweli kweli. 2024 Tume ya Afrika ya haki za binadamu ikatangaza uamuzi kwamba Kongo ilivunja haki za hao Batwa. Msitu ambao jirani yake ana uchungu nao hata uweke walinzi wangapi hautalindika.

Mwenye mada:
Wa Kalehe, pole sana, na hasira yako naielewa. Ila ile milima yenu kufunga njia ya Bukavu hakutairudishia miti, inapashwa kupandwa. Kule Kivu ya Kaskazini, shirika la mazingira WWF lilianza mradi wa EcoMakala toka 2007, wakulima wanapanda miti kwa mashamba yao wenyewe, inakatwa kwa zamu inakua makala, parke yao ya Virunga inapumua. Huku kwetu mikaratusi inakua vizuri tu, tunangoja nini?

Wa Walungu:
Ndugu, nani apande? Huku Bushi, inchi ya Bashi, mwenye kalinzi ndie anaweza kupanda mti, ju udongo ni wake mpaka kwa watoto. Sisi wengi tunalima kwa bwasa, unalipia msimu, unapanda maharagi na muhogo, ukithubutu kupanda mukaratusi mwenye shamba anaona unataka kumunyanganya udongo, msimu ujao anakufukuza.

Mwenye mada:
Hapo umegusa kwenyewe, na hao wa miradi wanaogawa miche sijasikia wakiongea hilo. Mtu wa bwasa akipewa miche ataifanyia nini? Basi mimi naomba kabla ya gari yoyote kukamatwa njiani, bami (machifu wa kimila) na wenye mashamba makubwa waitwe, bwasa ya miaka kumi iandikwe kwa karatasi, mupandaji ajue mti ni wake na mwenye udongo ajue udongo unabaki wake. Wa Walungu, kwenu mwami anaweza kukubali hiyo? Na Wa Kalehe, wenye mashamba kwenu ni wakina nani, wako kijijini ao wako mjini?