Kijiko kinywani mwa mtoto wa kifafa! Hii ndiyo huduma ya kwanza ya shule zetu hapa Lamu?

Binti_Mkomani

Sitaji shule na sitaji mtu, hapana haja. Mji wenyewe huu, ukipiga chafya Mkomani unaombewa afya Langoni. Mkubwa wa shule nyote mwamjua. Ni yuleyule wa Panadol: tumbo Panadol, jicho Panadol, mkono umevunjika Panadol na ukae chini ya mwarobaini.

Leo paredini mtoto wa Gredi ya 5 kaanguka kwa kifafa. Si habari ngeni, mama yake alikwenda ofisini mwanzo wa muhula akaeleza ugonjwa, akaacha na nambari ya simu. Kafanyiwa nini? Wanaume wanne wamemkandamiza chini, kila mmoja na kiungo chake. Mwengine kavua kiatu kampachika puani. Kisha mkubwa mwenyewe akaagiza kijiko jikoni. Kijiko cha chuma, jamani, bado kina uji! Akakishindilia baina ya meno ya mtoto aliyekaza taya. Jino la mbele limekatika na kipande hakijaonekana mpaka saa hizi.

Mama alipofika, badala ya kuambiwa pole akaambiwa mbele ya watoto wa watu: "Mpelekeni akasomewe, hapa si hospitali. Lau si kile kijiko angemeza ulimi."

Ulimi haumezeki! Umeshikwa chini kinywani kwa nyama. Huenda akauuma, naam, na jeraha la ulimi hupona baada ya siku chache. Jino la ukubwani likikatika haliwezi kuota tena, na kipande kikishuka njia ya hewa kinaziba pafu, hapo ni kutafuta daktari wa kukitoa kwa mpira wenye kamera. Haya yote kwa sababu ya kijiko.

Mwenye kifafa akianguka, tazama saa papo hapo. Ondoa mawe, madawati na kila cha kujigonga. Weka sweta chini ya kichwa. Legeza kola, tai, pini ya mtandio shingoni. Usimshike viungo, maana mtukutiko haukatizwi kwa nguvu, utamtegua bega bure. Usitie kitu kinywani: si kijiko, si kijiti, si kidole chako. Mtukutiko ukiisha, mlaze ubavu, goti la juu likunjwe limzuie kugeuka kifudifudi, na uso uinamie chini kidogo povu litoke. Povu ni mate tu, haliambukizi mtu. Kaa naye mpaka aweze kutaja jina lake na pale alipo, na kabla ya hapo asipewe maji wala chakula. Kifafa kikipita dakika 5, au kikirudi kabla hajazinduka, au ameumia, au ndiyo mara yake ya kwanza, ni hospitali mbio.

Hakuna hata moja hapo linalotaka kijiko!

Na kile kisanduku cheupe chenye msalaba mwekundu kimepigwa kufuli, ufunguo uko na mtu aliye Mokowe, ng'ambo bara. Ndani muna bendeji moja iliyogeuka manjano, chupa ya spiriti iliyokauka na mkasi wa kukatia manila. Glavu hakuna, shashi hakuna, hata plasta hakuna. Lakini kijiko kimepatikana kwa nusu dakika.

Nahodha_wa_Kipungani

Hasira zako ni za haki, ila umeruka jambo kubwa: kwa nini kaanguka. Mtoto anayetumia fenobabito, dawa ya kifafa, akikosa dozi siku mbili tatu, au akizikatiza ghafla, kifafa kinamrudia, na pengine kikali kuliko cha kwanza. Kukosa usingizi nako ni kichocheo. Kila Ramadhani ni hadithi hiyohiyo: mtoto kakesha, daku kapitiwa, dozi ya asubuhi imeachwa kwa sababu amefunga, saa nne yuko chini paredini. Ratiba ya dawa yapangwa na daktari kabla ya mwezi kuandama, na kuna watoto ambao daktari atasema wasifunge kabisa. Shule ngapi zina daftari la watoto wa kifafa, pumu na selimundu, lenye jina la dawa na saa ya kumeza?

Binti_Mkomani

Daftari! Waliambiwa kwa mdomo wa mama mwenyewe na bado wakaleta kijiko. Daftari wangelifunikia uji.

Chuku_Tupu

Dada, kijiko umekitaja mpaka nimehisi ladha ya uji. Insha hii mwalimu angeikata alama kwa kurudiarudia. Wenzako tuna ya pua. Shule ya huku kwetu mtoto akitoka damu puani anaambiwa "tazama juu," anamwagiwa maji utosini, kisha wanashangaa mbona anatapika damu. Damu inaporudi kooni ataimeza, na tumbo haliipendi. Akae, ainame mbele, apumue kwa kinywa, ateme kinachofika kooni. Abane pua sehemu ile laini, chini ya mfupa, dakika 10 hadi 15 pasi na kuachia. Hapo ndipo wanapokosea hata wanaojua: kila dakika wanaachia kuchungulia, damu iliyoganda inabanduka, wanaanza upya. Ikipita dakika 30, hospitali.

Mgiriama_wa_Malindi

Nyinyi mna vijiko, sisi tuna kamba. Shule za bara ya Malindi, kule mashamba yanakopakana na msitu, mtoto akiumwa na nyoka anafungwa kamba ya katani juu ya jeraha mpaka mguu unageuka buluu, anachanjwa kwa wembe, anabandikwa jiwe jeusi. Sumu ya bafe yenyewe inaozesha nyama, nanyi mwaifungia mahali pamoja na damu mmeikata! Mguu unaokatwa baadaye wasingiziwa nyoka. Na sumu ya koboko haingoji jiwe, inalegeza misuli ya kupumua.

Mtulize, asitembee hata hatua. Vua viatu, bangili, soksi, kila kitakachobana mguu ukivimba. Ufunge kwa ubao na kitambaa usichezecheze, kama unavyofunga mfupa uliovunjika. Mbebeni, pikipiki iwe na mtu nyuma wa kumshika. Nyoka asifukuzwe, maana huko ndiko anakopatikana majeruhi wa pili. Na swila akitema machoni, maji safi, mengi, dakika 15 au zaidi, jicho likiwa wazi. Mkojo la.

Chuku_Tupu

Mkojo tena! Nani amesema mkojo?

Mgiriama_wa_Malindi

Wasema nyinyi wa visiwani, kwa mwiba wa taa, yule samaki. Au nimekosea?

Nahodha_wa_Kipungani

Hujakosea, na ni ujinga. Mwiba wa taa wataka maji moto, kadiri mtu anavyoweza kustahimili bila kuungua, mguu uloweke dakika 30 hadi 90. Ayajaribu mtu mwengine kwanza kwa mkono wake, kwa sababu mwenye maumivu yale hahisi moto sawasawa. Na mwiba uliozama kifuani, tumboni au shingoni usichomolewe, utolewe hospitali.

Binti_Mkomani

Jamani, turudi kwenye jino la mtoto. Kile kipande hakijapatikana! Kama anakohoa au anapumua kwa mlio, apigwe picha ya kifua leo hii, na hata asipokohoa daktari amtazame. Kuna aliyefikisha hilo kwa mama yake?

Kata_na_Mtungi

Maji moto, maji safi, maji dakika 15. Yatoke wapi? Mwaandika kama mko Ulaya. Shule niijuayo mimi mfereji ulikauka zamani, na uji wa watoto 400 unachemka kwenye mafiga watoto wakipita kandokando. Mmoja akimwagikiwa, mpishi anakimbilia dawa ya meno, wa pili unga wa ngano, wa tatu yai. Yote hayo yanaziba joto ndani ya ngozi, na hospitali wanayakwangua upya mtoto akilia. Moto wapozwa kwa maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, si barafu. Mtungi wa lita 20, ukimimina lita moja kila dakika kwa kata, unatimiza kipimo. Kwa hivyo mtungi mmoja ukae jikoni umejaa, umefunikwa, haukoshewi masufuria. Vua nguo iliyolowa uji, ila iliyoganda kwenye ngozi iache. Malengelenge usiyapasue. Mtungi mmoja tu, na hawautengi!

Chuku_Tupu

Huo mtungi waletwa na punda, na punda wenyewe ndio wamefungwa langoni watoto wanapotokea. Juzi mmoja kamng'ata mtoto begani.

Nahodha_wa_Kipungani

Punda, paka, mbwa, jeraha ni sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo waamue habari ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Wasingoje jeraha livimbe. Dalili za kichaa zikishaanza, tiba hakuna. Na wenye kupaka mafuta ya taa waache.

Kata_na_Mtungi

Sabuni nayo, shule gani ina sabuni?

Chuku_Tupu

Mimi nasema punda wa mawe ya ujenzi. Kila saa saba mchana wanajazana pale, njia yenyewe upana wa mikono miwili. Mwenye punda apewe saa yake.

Punda_Wangu_Riziki

Saa gani? Jahazi linashusha mawe maji yakijaa, si kengele ya shule ikilia. Watoto ndio wanaomvuta mkia.

Chuku_Tupu

Basi mfunge mdomo.

Punda_Wangu_Riziki

Anywe maji kwa wapi sasa, na jua lile?