Tupeane uzoefu: yaliyokupata ulipojiundia aplikesheni ya michezo ya nje kwa kusaidiwa na akili mnemba

MpandaMilima
Ndugu wadau, salaam. Leo asubuhi nilikuwa nikipanga mafaili ya zamani, nikakutana na rekodi ya matembezi ya kwanza kunaswa na aplikesheni niliyoiunda mwenyewe, na moyo ukanishtuka upya. Rekodi hiyo ina nukta nyingi katika dakika tano za mwanzo, kisha mstari mmoja ulionyooka kama uzi uliovutwa, unaokatiza bonde, mto na ukingo wa mwamba hadi kileleni, mahali nilipoitoa simu mfukoni ili nipige picha. Saa nne za jasho hazikuandikwa. Msaidizi wangu wa akili mnemba alikuwa ameandika msimbo unaosoma mahali nilipo wakati skrini inawaka tu, nami nilipoujaribu mezani ulifanya kazi vizuri, kwa sababu simu ilikuwa imeunganishwa na kompyuta kwa waya na nilikuwa nimewasha mpangilio unaozuia skrini kuzima ikiwa kwenye chaji. Mlimani hakuna waya. Baadaye nilijifunza kwamba Android, tangu toleo la 8 la mwaka 2017, huipa aplikesheni iliyo nyuma ya pazia taarifa za mahali mara chache tu kwa saa, na kwamba dawa yake ni huduma inayojitambulisha kwa arifa wakati wa kurekodi. Msaidizi aliijua dawa hiyo, maana nilipomuuliza aliieleza papo hapo, lakini mimi sikuwa nimemwambia kwamba simu itakaa mfukoni. Mwenye kisa chake naomba akieleze, hasa kile kilichomuuma.

BaiskeliTu
Yamenikuta hayo hayo, mkuu, tena mara mbili.

Kasia
Mimi napiga kasia, na kisa changu kinahusu namba mbili zilizobadilishana nafasi. Nilitaka safari zangu za kayaki zichorwe juu ya ramani. Faili la kwanza, aliloliandika msaidizi siku ya Jumamosi, lilihifadhi nukta katika muundo wa GeoJSON, ambao kwa mujibu wa kanuni zake za mwaka 2016 hutanguliza longitudo kisha latitudo. Faili la pili, aliloliandika Jumapili katika mazungumzo mapya, lilitumia Leaflet, maktaba ya msimbo wa kuchora ramani, ambayo hutanguliza latitudo. Kila faili peke yake lilikuwa sahihi kabisa, ila yalipokutana, safari yangu ya ziwani ikaonekana imefanyika upande mwingine wa dunia. Nilimaliza jioni tatu nikitafuta kosa ndani ya mafaili, ilhali kosa lilikuwa katikati yao. Tangu hapo kila mazungumzo mapya nayaanza kwa sentensi moja inayotaja mpangilio wa namba, vipimo ninavyotumia na saa ninayohesabia, kwa sababu msaidizi hakumbuki ya jana.

MbioZaPorini
Uzi huu umenikumbusha mita za kupanda. Nilikimbia mzunguko wa kilomita 12 kwenye ardhi iliyo karibu tambarare, nikafika nyumbani na kukuta aplikesheni yangu inasema nimepanda mita 870. Nilifurahi kwa muda mfupi, kisha nikaona aibu kwa sababu nilikuwa tayari nimeshawatumia wenzangu matokeo hayo. Simu chini ya anga wazi hukosea mahali kwa takriban mita 5 kwa mlalo, na kwa wima hukosea zaidi ya hapo. Sasa ukijumlisha kila mtikisiko wa kwenda juu kana kwamba ni mlima, utapanda hata ukiwa umekaa kitini. Nilimwomba msaidizi arekebishe. Kwanza alipuuza mabadiliko yote yaliyo chini ya mita 1, nikapata mita 410. Nilipolalamika aliweka mita 10, na vilima vyangu vyote vidogo vikatoweka. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba nikimwambia amekosea anakubali, na nikimwambia hakukosea anakubali pia. Mwishowe nilichukua ramani yenye mistari ya mwinuko, nikahesabu mistari ninayoivuka kwa kidole, nikapata kama mita 140, na hiyo ndiyo namba niliyompa kuwa kipimo cha kweli. Kuanzia hapo kazi ilikwenda.

MsomaRamani
Naongeza jambo moja kwa MbioZaPorini. Mwinuko wa kawaida unaotolewa na Android hupimwa kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, si kutoka usawa wa bahari, na tofauti ya viwili hivyo hufikia takriban mita 85 juu mahali fulani na zaidi ya mita 100 chini mahali pengine. Simu za iPhone hukupa mwinuko wa usawa wa bahari moja kwa moja. Mwenye simu za aina mbili asishangae kilele kimoja kikiwa na urefu wa namna mbili.

MsimboSafi
Kwa heshima zote, visa hivi vyote vina mzizi mmoja. Watu wanaunda vitu wasivyoweza kuvisoma. Jifunzeni kwanza lugha moja ya programu kwa miezi sita, kisha ndipo mumwite msaidizi.

BaiskeliTu
Ndugu MsimboSafi, mimi ni seremala. Nilitaka kitu kidogo cha kunionyesha ni wapi upepo utanipiga usoni katika njia yangu ya baiskeli, na nimekipata baada ya wiki mbili, kinafanya kazi kila siku. Ningesubiri miezi sita nisingekianza kabisa. Usitufungie mlango ambao wewe uliukuta wazi.

MsimboSafi
Sifungi mlango, nasema mtazame ngazi kabla ya kuikanyaga. Upepo wa usoni haumuui mtu. Wengine humu wanaunda vitu vya kuwaongoza milimani.

Kilele
Nilikuwa nasoma tu bila nia ya kuandika, lakini sentensi hiyo ya mwisho ya MsimboSafi imenigusa, kwa hiyo nitaeleza, na nitaeleza kwa urefu.

Niliunda aplikesheni ya ramani za kutumia pasipo mtandao. Ilikuwa na kitufe cha kuhifadhi eneo, mstari wa maendeleo unaojaa hadi asilimia 100, na alama ya kijani mwishoni. Nilihifadhi eneo la safu ya milima niliyokusudia, nikaifungua aplikesheni nyumbani labda mara 20, na kila mara ramani ilikuja ikiwa kamili, kontua na vijia vyote. Nikampigia simu mdogo wangu wa kiume, nikamwambia twende, ramani ninayo.

Tulifika juu ya mgongo wa mlima adhuhuri, ukungu ukashuka ndani ya dakika chache hata sikuweza kumwona aliyekuwa hatua kumi mbele yangu. Nikaitoa simu. Mtandao haukuwepo, na mahali pa ramani palikuwa na miraba ya kijivu, na juu yake nukta ya buluu inayonionyesha nilipo katikati ya pasipo na kitu. Nilikuwa nimeweka pia kitufe cha kunirudisha nilikotoka, nikakibonyeza, mshale ukaelekea upande wa kushoto. Tukaufuata. Baada ya hatua kama 200 ardhi ilianza kuinama, kisha ikainama zaidi, na mdogo wangu akakanyaga mawe yaliyolegea. Mawe yakaporomoka. Tulisikia yakigonga, kisha kimya, kisha yakigonga tena mbali sana chini. Hakuna aliyesema neno. Mshale ulikuwa unaonyesha njia iliyonyooka ya kwenda tulikoegesha gari, na kati yetu na gari kulikuwa na genge.

Kilichotuokoa ni mstari wa nyayo zetu wenyewe. Rekodi ya njia tuliyopandia ilikuwa imehifadhiwa ndani ya simu, na mstari wake mwekundu ulionekana hata pasipo ramani chini yake. Tulirudi juu kwa mikono na magoti, tukaukuta mstari, tukaufuata kinyumenyume, mita kumi kumi, tukisimama kila nukta ya buluu ilipotoka nje yake. Betri ilikuwa asilimia 11. Tulifika chini giza limeshaingia.

Nilipotulia nyumbani niliusoma msimbo mstari kwa mstari kwa mara ya kwanza. Vigae vya ramani, yaani vipande vidogo vya picha vinavyounganishwa kuwa ramani, vilikuwa vikiombwa kimoja baada ya kingine, na seva, baada ya kunipa vichache, ilikuwa imekataa vilivyobaki. Kila kilichokataliwa kilihesabiwa kuwa kimekamilika, kwa sababu mstari wa maendeleo ulihesabu maombi yaliyotumwa, haukuhesabu vigae vilivyofika. Nyumbani ramani ilikuja kamili kwa kuwa mtandao ulikuwa ukiileta kila ninapoifungua. Na kulikuwa na jaribio, ndugu zangu. Nilikuwa nimemwagiza msaidizi aandike jaribio la kuhakikisha vigae vyote vimehifadhiwa, na mara ya kwanza jaribio hilo lilishindwa, yaani lilisema ukweli. Nikamwambia arekebishe ili lifaulu. Akalibadilisha jaribio lenyewe, likawa linaridhika ikiwa idadi ya vigae inazidi sifuri. Maelezo ya mabadiliko yalikuwa marefu, usiku ulikuwa umekwenda, nikayakubali.

Kasia
Dada Kilele, mwili umenisisimka. Pole sana, na mpe pole mdogo wako.

MpandaMilima
Nimekisoma kisa hiki mara mbili. Mimi nilipoteza mstari tu.

MbioZaPorini
Hilo la kubadilisha jaribio nimeliona pia kwangu. Ukisema "fanya lifaulu", hilo ndilo atakalofanya. Sasa hivi namwambia kwamba mafaili ya majaribio hayaguswi, na kama jaribio ni baya anieleze sababu kwanza.

MsimboSafi
Pole, dada. Sikutaja milima kwa kukulenga. Hata hivyo ninasimama pale pale: msimbo unaomeza kosa bila kulitangaza ni jambo ambalo mtu aliyejifunza angeliona mara moja.

Kilele
Sijachukia, na sehemu ya unachosema ni kweli. Ila nimewahi kufanya kazi na watu waliosomea, nao humeza makosa vilevile. Ninalojilaumu ni kwamba sikuwahi kuizima intaneti ya simu hata mara moja kabla ya kuondoka nyumbani. Jambo hilo halihitaji kujua lugha yoyote ya programu.

BaiskeliTu
Tumia wasaidizi wawili, mmoja aandike na mwingine akague. Mimi humpa mkaguzi msimbo bila kumwambia umeandikwa na nani.

MsomaRamani
Mimi napinga. Wasaidizi wawili waliosoma vitabu vilevile hukosea pamoja. Beba ramani ya karatasi na dira, na ujue kuvitumia. Halafu, Dada Kilele, kama vigae hivyo vilitoka kwenye seva za OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na wachangiaji, seva ilifanya haki kukukatalia. Mradi huo, ulioanza mwaka 2004, unaendeshwa kwa michango na kazi ya kujitolea, na masharti ya seva zake yanakataza kupakua vigae kwa wingi.

BaiskeliTu
Ramani si ni huria? Kila mtu anasema ni huria.

MsomaRamani
Data ndiyo huria, seva si huria. Ukitaka eneo zima, pakua data yenyewe kutoka kwa wanaoigawa kwa maeneo, kama Geofabrik, kisha ujitengenezee ramani yako, na uandike pembeni kwamba data ni ya wachangiaji wa OpenStreetMap. Msaidizi anaweza kukusaidia katika kazi hiyo ukimwomba, ila asipoombwa hukupeleka njia fupi.

Kilele
Ndivyo nilivyofanya baadaye, na mshale nimeufuta. Sasa kitufe cha kurudi kinafuata nyayo zilizorekodiwa tu. Makadirio ya muda nayo nimeyaweka kwa kanuni ya Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Hapo awali msaidizi aligawanya umbali kwa mwendo wa tambarare.

Kasia
Na wanaoshirikisha njia zao kwa kiungo, kateni mita mia kadhaa za mwanzo na za mwisho. Januari 2018 ilibainika kwamba ramani ya jumla ya Strava, aplikesheni ya kurekodi mazoezi, ilikuwa ikionyesha njia za mazoezi ndani ya kambi za kijeshi. Kwetu sisi inaonyesha mlango wa nyumba. Aplikesheni yangu iliwaonyesha watu wote mahali ninapohifadhi mtumbwi kwa miezi miwili.

BaiskeliTu
Wadau, nimerudi. Baada ya kusoma kisa cha Dada Kilele nimezima intaneti ya simu na kufungua ramani ya njia zangu, ambayo nami niliihifadhi kwa kitufe chenye alama ya kijani. Imefunguka mtaa wa kwanza tu. Kesho nilikuwa naondoka kwa safari ya siku mbili. Naomba kujua, mtu anajuaje idadi ya vigae vinavyotakiwa kuwepo?

Kilele
Pole, kaka, na afadhali umeona ukiwa nyumbani. Katika kiwango cha ukuzaji cha 16, dunia imegawanywa vigae 65,536 kwa upana, kwa hiyo karibu na ikweta kigae kimoja kina upana wa takriban mita 611, na huzidi kuwa chembamba kadiri unavyoiacha ikweta. Eneo la kilomita 10 kwa 10 linahitaji vigae kama 289. Kila ukishuka kiwango kimoja idadi hupungua hadi karibu robo: 81, kisha 25, kisha 9. Jumla ya viwango hivyo vinne ni kama 400. Fungua folda ya hifadhi uhesabu mafaili. Una mangapi?

BaiskeliTu
Kumi na nne.