Naomba ushauri: kuhamisha rangi kutoka mkanda wa VHS kwenda filamu nyeusi-nyeupe

Wakuu, shikamooni wakubwa. Nipo Moshi, nimekwama.

Harusi ya babu na bibi kule Marangu ilipigwa filamu ya Super 8 yenye rangi. Ile halisi ilishapotea. Imebaki nakala nyeusi-nyeupe, safi kiasi cha kuhesabu vifungo vya koti la babu, na mkanda wa VHS aliorekodi mjomba filamu ikioneshwa ukutani. Picha ya mkanda ina ukungu, ila rangi ipo.

BBC waliwahi kufanya hivi mwaka 1992: rangi ya mkanda uliorekodiwa nyumbani Marekani wakailaza juu ya filamu nyeusi-nyeupe. Nami nimejaribu kwa DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video. Sekunde za mwanzo safi, kisha rangi inachelewa: bibi anainua kata ya mbege, mkono umeshapita, wekundu wa kanga unaning'inia hewani. Filamu ni picha 18 kwa sekunde, VHS ni 25. Halafu mjomba alisimama upande, picha imepinda.

Akili mnemba nayo niliijaribu ipake rangi yenyewe, ikapaka kanga bluu, mama akagoma kabisa!

Kuna programu ya kuoanisha picha hizi, au nioanishe zote 3,600 kwa mkono? Na kupinda ninyooshe kwanza au mwishoni?