Ujerumani: nani aliwadanganya kwamba pipa la njano ni la plastiki?

Wakuu,

Uzi huu naufungua kwa hasira na siombi radhi. Mgeni anafika Ujerumani, anakabidhiwa funguo na karatasi yenye picha za mapipa ya rangi, basi, maelezo yameisha. Akiwauliza waliomtangulia anajibiwa kwa mkato: "Plastiki njano, karatasi bluu, zilizobaki nyeusi." Jibu hilo ndilo linalobandikisha stika za onyo kwenye mapipa ya jengo zima.

Nianze na la njano kwa sababu ndilo linaloharibiwa kuliko yote. Pipa la njano, au mfuko wa njano kwa miji inayotumia mifuko, SI la plastiki. Ni la vifungashio. Yaani kile kilichobeba bidhaa mpaka ukainunua: chupa ya shampuu, kopo la nyanya, boksi la maziwa, foili ya chokoleti. Ndoo iliyopasuka, mswaki, hanga na mwanasesere ni plastiki tupu lakini si vifungashio, kwa hiyo vinaenda pipa la mabaki, lile jeusi au la kijivu lililoandikwa Restmüll. Sababu yenyewe ni pesa. Tangu kanuni ya vifungashio ya 1991, anayeingiza sokoni bidhaa iliyofungashwa ndiye anayegharamia ukusanyaji na uchambuaji wa kifungashio chake. Ndoo yako hakuna aliyeilipia. Hilo ni jambo la sentensi mbili, sasa kwa nini haliandikwi kwenye hiyo karatasi ya picha?

Kama hiyo haitoshi, miji kadhaa, Berlin na Hamburg ikiwemo, imelipanua pipa hilo likawa la Wertstoffe, yaani vitu vinavyoweza kutumika tena kama malighafi, na huko ndoo na sufuria kuukuu zinapokelewa. Mtu akihama Berlin anahama na mazoea yake, na huko aendako anakuwa mkosaji bila kujua. Soma maandishi yaliyo kwenye pipa la uani kwenu. Rangi peke yake haitoshi.

Na kuosha nani kawaagiza? Watu wanasugua vikopo vya mtindi kwa sabuni na maji ya moto kana kwamba kuna ugeni. Kinachotakiwa ni kiwe kitupu, ukikwangua kwa kijiko inatosha. Kazi yenye maana ni nyingine, na hakuna anayeisema. Shika kikopo cha mtindi. Bandua kifuniko cha alumini mpaka kiachane kabisa na kikopo, kisining'inie. Kama kimevishwa karatasi ngumu, ichane itoke, hiyo ni ya pipa la bluu. Kisha vitupe kimoja kimoja, usichomeke kikopo ndani ya kikopo. Mashine za kuchambua zinatambua aina ya plastiki kwa mwanga wa infraredi. Kifuniko kikibaki kimeshikilia, au vikopo vya plastiki mbili tofauti vikiwa vimepachikana, mashine inasoma vibaya na mzigo unaishia kuchomwa. Halafu unamkuta mtu kaviosha vikang'aa, kavipachika vitano vitano kuokoa nafasi. Kazi bure!

Kwenye taka oza, pipa la kahawia kwa miji mingi, lawama nawapa wauza mifuko. Rafu za madukani zimejaa mifuko iliyoandikwa "kompostierbar", yaani inayooza ikawa mboji, mgeni ananunua kwa nia njema, kumbe manispaa nyingi zinaikataza. Inachelewa kuoza kuliko muda ambao taka zinakaa kiwandani, na pale zinapoondolewa plastiki haitofautishwi na rambo la kawaida, inatolewa pamoja na maganda yaliyomo. Tandika kurasa za gazeti chini ya kindoo, zikilowa funga kila kitu humohumo ukatupe. Gazeti linaoza na linanyonya maji, hata wadudu wanapungua. Si la kung'aa lakini, ile ni ya pipa la bluu. Kuanzia Mei 2025 kanuni za taka oza zimekazwa, na wazoaji wakikuta plastiki wana haki ya kuliacha pipa palepale lilipo.

Na likiachwa? Mwenye nyumba anaagiza lizolewe kama mabaki, kwa malipo ya ziada. Gharama hiyo inaweza kuingizwa kwenye Nebenkosten, yaani gharama za nyumba zinazolipwa juu ya kodi, na kugawiwa wapangaji wote, aliyekosea na asiyekosea, na hesabu mnaletewa mwaka unaofuata ikiwa imejificha kwenye mstari mmoja wa taka. Ndiyo maana yule bibi wa ghorofa ya kwanza hatoki dirishani ukishuka na mfuko. Mnamwita mbaguzi, kumbe mwenzenu anapiga hesabu ya bili.

Karatasi nisiwachoshe. Risiti za duka, tishu zilizotumika, karatasi ya kuokea na boksi la piza lililolowa mafuta haviingii pipa la bluu, ni mabaki. Na maboksi YAKUNJUENI. Boksi moja la televisheni lililosimama wima linajaza pipa la familia sita, na kifuniko kisipofunga wazoaji wanaweza kulipita.

Chupa sasa. Chupa za plastiki na makopo ya vinywaji ya kutumika mara moja yana amana, Pfand, ya senti 25. Zile zinazorudi kiwandani kujazwa tena kwa kawaida ni senti 8 kwa chupa ya bia na senti 15 kwa nyingi za maji. Usiibonde wala kuichana lebo, mashine inasoma alama na mistari ya lebo, isiposoma inakutemea chupa yako. Duka lenye zaidi ya mita za mraba 200 likiuza vinywaji vya chupa za plastiki za senti 25, lina wajibu wa kupokea chupa za aina hiyo hata kama chapa yako halijawahi kuiuza. Duka dogo kuliko hapo linaweza kujibana kwenye chapa zake. Wafanyakazi wanaofukuza watu kwa "hatuuzi hiyo" wanatumia ugeni wenu.

Chupa za kioo zisizo na amana zinaenda kwenye makontena ya mtaani: nyeupe (yaani kioo kisicho na rangi), kahawia, kijani. Ya bluu au nyekundu? Kijani, kwa sababu kioo cha kijani ndicho kinachovumilia mchanganyiko wa rangi. Bilauri, bakuli la ovenini na vikombe vya udongo usivitie humo, haviyeyuki kwenye joto la chupa, vinaacha vipande vigumu kwenye kioo kipya. Na si Jumapili wala sikukuu, kelele zake zina faini.

Betri ndiyo balaa lenyewe. Betri ya lithiamu ikitupwa kwenye pipa lolote kisha ikabanwa ndani ya gari la taka, gari linawaka. Ziteipu ncha zake, kisha zirudishe betri hizo duka lolote linalouza betri za aina hiyo, hawana ruhusa ya kukataa.

Vifaa vidogo vya umeme, visivyozidi sentimita 25 kwa upande wowote, yaani simu, pasi ndogo, mashine ya kunyolea: supamaketi yenye mita za mraba 800 au zaidi inayouza vifaa vya umeme mara kadhaa kwa mwaka inalazimika kuvipokea bure tangu Julai 2022. Mpaka vitatu kwa kila aina, bila risiti. Wakikwambia ununue kipya kwanza, wanakudanganya.