Anameza dawa ya thairoidi kila siku, uchovu na kizunguzungu haviishi. Tuongeze dozi?

BintiKisauni:
Wakuu, habari zenu. Nauliza kwa niaba ya mama mdogo, miaka 46, kilo 68. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, imepungua nguvu, anatumia dawa yake, levothairoksini mikrogramu 75. Majibu ya karibuni: TSH (kipimo cha damu cha thairoidi, kikiwa juu thairoidi haitoshi) 7.9, maabara wameandika kawaida ni 0.4 hadi 4.2. Uchovu haumwachi, na akiinuka kwenye beseni la kufulia anaona giza. Asubuhi anameza zote kwa mpigo na chai ya maziwa: ya thairoidi, ya kuongeza damu (chuma), kalsiamu na amlodipini ya presha. Jirani anasema aongeze nusu kidonge. Ni sawa?

Mfamasia_Zamu:
Hapana, nusu kidonge asiongeze. Chuma na kalsiamu huing'ang'ania levothairoksini tumboni, sehemu yake ikaishia chooni bila kuingia kwenye damu. Chai ya maziwa nayo inapunguza.

Ratiba iwe hivi. Saa 12 asubuhi, tumbo tupu, kidonge cha thairoidi na glasi ya maji matupu. Chai isubiri nusu saa, saa nzima ikiwezekana. Amlodipini imezwe na chai hiyo. Ya kuongeza damu saa 7 mchana na chungwa, bila chai, kwa sababu chai huzuia chuma kufyonzwa. Kalsiamu na chakula cha usiku. Kati ya dawa ya thairoidi na chuma au kalsiamu zipite saa nne, na vile vidonge vya kiungulia vya kutafuna vina sheria hiyohiyo. Kama anatumia omeprazoli ya tindikali ya tumbo, daktari ajue.

Mkiongeza dozi leo kisha mkatenganisha dawa kesho, yote itaingia mwilini kwa pamoja: moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi hakuna. Tenganisheni kwanza, kisha TSH irudiwe baada ya wiki 6 hadi 8. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake huisha kwa siku 7 hivi, kwa hiyo kipimo cha wiki ya pili kitawadanganya.

Na vidonge visikae juu ya friji wala karibu na jiko. Viachwe kwenye karatasi yake mpaka siku ya kumezwa. Joto na unyevu huviua nguvu taratibu na kwa macho huoni kitu.

Nesi wa Wodi 3:
Nakubaliana na mfamasia, ila kizunguzungu msikibebeshe thairoidi peke yake. Huyu yuko kwenye dawa ya presha na dawa ya damu, kila moja ni mlango wa kuchunguza.

Mpimeni presha amelala dakika 5, kisha asimame, mpime tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, ni presha inayoanguka akisimama, na daktari ataangalia upya dawa ya presha. Kwa sasa akimaliza kufua akae kwanza kwenye kigoda, achezeshe miguu, ndipo ainuke.

Wingi wa damu (HB) upimwe pamoja na feritini, maana feritini huonyesha akiba ya chuma hata pale HB inaposoma vizuri. Thairoidi ikiwa chini hedhi inaweza kuwa nzito, na hapo ndipo damu inapokwendea. Muulizeni pia kama anakula udongo, wengi hawasemi mpaka waulizwe. Vitamini B12 na sukari viingie humohumo.

Akiwa anatapika, anakonda, anatamani chumvi, na mistari ya viganja au fizi zinakuwa nyeusi, daktari ajue kabla dozi haijaguswa. Hiyo huenda ni tezi iliyo juu ya figo imepungua nguvu, na kuongeza levothairoksini hapo ni hatari. Akizimia, akibanwa kifua, au akiwa wa baridi, mzito wa kuamka na kuchanganyikiwa, ni hospitali saa hiyohiyo. Choo cheusi peke yake kisiwatishe, vidonge vya chuma hufanya hivyo. Kikiwa cheusi kama lami, kinanata na kunuka vibaya, nendeni.

BintiKisauni:
Asanteni sana. Udongo anakula kweli. Na kuna vidonge vya nywele anameza, vimeandikwa biotini. Halafu Ramadhani itakuwaje?

Mfamasia_Zamu:
Biotini aiache angalau siku 2 kabla ya kutoa damu, na maabara waambiwe. Kwenye mashine nyingi inashusha TSH kwa uongo na kupandisha T4 (homoni yenyewe ya thairoidi), mkaonekana mmepona kumbe bado.

Ramadhani ameze wakati wa kulala, yakipita masaa matatu tangu mlo wa mwisho, au aamke nusu saa hadi saa moja kabla ya daku. Achague moja asibadilishebadilishe. Chuma kikienda na futari, cha thairoidi kiwe kabla ya daku.