MJADALA: Ukikaa miaka 12 kwenye shamba la mwenye hati, liwe lako?

Wanajamvi, salamu. Sheria ya Kenya ya ukomo wa mashauri, Sura ya 22, inampa mwenye ardhi miaka 12 kumshtaki aliyeingia bila ruhusa na kukaa waziwazi. Ikipita, haki ya kudai imekufa, na mkaaji anaweza kuomba mahakama imwandikishe yeye. Wapo wanaouita wizi wa kisheria, eti unavunja kifungu cha 40 cha Katiba kinacholinda mali. Mahakama ya Rufaa, Malindi, iliikataa hoja hiyo mwaka 2015.

Mimi naiunga mkono sheria hii. Huku Kilifi na Kwale kuna mashamba ambayo mwenyewe hajulikani hata sura, na masikwota wameshazika wazee wao humo. Miaka 12 yote hakupita hata kuchuma dafu?

Mtu wa Doha: Wewe waona rahisi. Mimi niko kazini huku, ploti yangu iko Mtwapa. Mtu akijenga, nitajulia wapi? Nikijua nitamwandikia barua ya wakili.

Karani Mstaafu: Barua haisimamishi kitu, ndugu yangu. Fungua kesi, au uingie uichukue ardhi yako kweli. Na kama uliuziwa na watu wamo ndani, miaka waliyomkalia mwenye hati wa kwanza inahesabiwa dhidi yako pia. Wengi hawaambiwi hili wakati wa kununua. Ardhi ya serikali ndiyo haiguswi, ukae hata miaka 50.

Binti Kisauni: Na sisi wa nyumba bila ardhi, Mombasa? Nyumba ni yetu, kiwanja cha tajiri, kodi ya ardhi tunalipa tangu enzi za babu. Nimeambiwa kwa kuwa tunalipa, tumekaa kwa ruhusa, kwa hiyo miaka hiyo haihesabiwi. Yaani aliyevamia anapata hati, aliyelipa kwa uaminifu anaambiwa avunje aondoke! Hebu nitetee hilo, mleta mada.

Mleta mada: Dada, hilo silitetei. Sura ya 22 inambana mwenye ardhi aliyelala. Tajiri wenu hakulala, kila mwezi anakusanya. Nyinyi mnahitaji sheria yenu: mpangaji wa kiwanja apewe nafasi ya kwanza kununua, kwa bei isiyohesabu nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mtu wa Doha, ungekuwa wewe ndiye tajiri wa Kisauni, ungekubali?